Taa ya Upande wa Dereva

Ukimuuliza Jackton Obuya kazi yake, atakuambia anasafisha taa za magari, na wengi hudhani ni kupangusa kwa kitambaa. Miaka kumi na sita anatoka Kangemi kwa miguu, anakaa kando ya barabara kule Parklands, anasugua taa zilizopiga ukungu na kugeuka manjano kwa jua. Msasa mkali kwanza, na maji. Kisha laini, kisha laini zaidi, mwisho polishi. Taa moja hula saa nzima na bega zima. Na sifa? Sifa humwendea aliyepaka gari rangi.

Ijumaa hiyo bega lilikuwa limemkatalia tangu asubuhi. Saa tisa akaja Mama Musili, mteja wake wa zamani, mamake mzazi ameketi nyuma, ndiyo kwanza atoke hospitali. Walikuwa wanaelekea Mwingi.

"Fundi, juzi kidogo nigonge punda. Na nitakuwa namleta huyu mzee kliniki kila mwezi, na hiyo barabara ni giza."

Taa ya kushoto Jackton aliifanya ipasavyo. Alipofika ya upande wa dereva, mkono ukagoma kuinuka. Alikuwa amechoka, tuseme ukweli, amechoka mpaka mifupani. Akatoa kichupa cha dawa ya kufukuza mbu, hila ambayo huwasuta wenzake kwayo, akapaka, akapangusa. Ukungu ukatoweka kwa dakika moja. Ungerudi kabla ya mwezi kwisha, tena na nyufa juu yake.

Mama Musili akashuka, akainama, akatazama huku na huku.

"Hii ya dere ndio imetoka safi kabisa," akasema. "Hiyo ingine ni sawa, lakini hii ndio kazi yako, fundi."

Jackton aliona haya hadi masikio yakamwaka. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo.

"Mama Musili, hiyo sijasugua. Nimepaka dawa ya mbu. Mwezi ukiisha hutaona kitu tena."

Mama Musili akainuka. "Sasa mbona unaniambia?"

Jackton akakirudisha kichupa mfukoni.

"Nipe saa moja," akasema.

Akamwaga maji, akashika msasa mkali kwa mkono wa kushoto, usiojua kazi hiyo, akaanza kuikwaruza taa aliyosifiwa.