Kodi ya Kungojea

Mpiga gitaa wa kwaya yetu ya Ipyana hufuta nyuzi kwa pindo la shati kabla ya kila wimbo, kisha hunitazama mimi, mwalimu wa kwaya, kana kwamba nimeshika kiboko. Kidole chake cha pete hakikunjiki tangu panga la kupasulia kakao lilipomteleza, kwa hiyo kodi nyingi anazobonyeza kwenye gitaa, zile sauti kadhaa zinazolia pamoja, hazimo katika kitabu chochote. Amezipa majina yake mwenyewe: ya kijiji cha Ngana, ya mpunga mbichi, ya kungojea. Hiyo ya kungojea ndiyo huanzisha wimbo wa sadaka, na uzi mmoja huuacha wazi, ulie bila kubonyezwa. Alhamisi nilitaka kuiandika. Niliitafuta kwenye simu, nikapata majina matatu marefu, nikamsomea. Akaficha mkono nyuma ya gitaa.

“Mwalimu, la kweli ni lipi?”

“Yote, baba. Inategemea unahesabu kuanzia sauti gani.”

“Kumbe miaka yote hii nakosea.”

Nilikataa, lakini alikuwa ameshaanza kufuta nyuzi upya. Jumapili alianzisha wimbo wa sadaka kwa kodi ya kitabuni badala ya ile yake, kidole kidogo kikijinyoosha, na ikatoka safi kabisa. Waimbaji wa sauti ya pili hawakuingia. Mama Teodora, anayewaongoza, alibaki mdomo wazi. Siku zote walichukua sauti yao ya kuanzia kwenye ule uzi ulioachwa wazi, na leo haukulia. Mpiga gitaa hakuwaona. Alikuwa ananitazama mimi, akingoja nimwambie kwamba leo amepatia.