Mnara wa Maji Ambao Fondo Hakuuona

Watu wa Mikindani wenye akili zao, wakiona mbingu imekunja uso upande wa Rabai, waliingia ndani. Walifunika kioo kwa nguo, wakavua chochote chekundu, wakafudikiza masufuria na kusukuma majembe uvunguni, maana radi, kama ajuavyo kila mtu wa pwani, huvutwa na chuma, kioo na rangi ya moto. Fondo hakuwa na akili hizo. Yeye alitoa kigoda chake, akakiweka barazani chini ya upenu wa makuti, akakaa kutazama.

Alikuwa mgema. Asubuhi, adhuhuri na jioni alipanda minazi isiyo yake, katika shamba lisilo lake, juu ya ardhi ambayo babu zake waliilima kabla mwenye hati hajazaliwa. Hata tembo la mnazi aliloteremka nalo lilikuwa halali au haramu kwa kadiri Bwana Shauri wa serikali alivyoamka siku hiyo. Mtu mwingine angekula uchungu huo kila siku hadi umuue. Fondo alikuwa na kitu kingine cha kula. Mali yake ilikuwa mvua.

Tufani alizoziona tangu utotoni alizitunza kichwani kama wenzake wanavyotunza majina ya ukoo. Kulikuwa na ile iliyomkuta akichunga mbuzi wa baba yake, mbingu ikapasuka na mnazi ukashika moto kileleni tu, ukawaka kama mshumaa huku mvua ikinyesha. Kulikuwa na ile ya wakati wa vita, meli zimelala Kilindini gizani kwa amri, hakuna ruhusa hata ya kuwasha kiberiti, mara umeme ukamulika bandari nzima kwa mpigo mmoja, kila mlingoti na kila kamba, kana kwamba mbingu haikuwa na habari na amri ya mtu. Na kulikuwa na ile iliyobeba paa la kanisa siku ya Pasaka, ikalilaza kwenye shamba la mihogo bila kukunja bati hata moja.

Hadithi hizi alizisimulia barazani jioni, watu wakinywa tembo. Wengi walikuwa wamezisikia, na walikuja kuzisikia tena. Lakini kila hadithi ilikuwa na mlango ambao Fondo hakuufungua mwenyewe. Alipomaliza habari za paa, alinyamaza, akajifanya anatafuta tumbaku. Ndipo mkewe, Nyamvula, aliyekuwa akichota tembo kwa kata, aliposema bila kuinua kichwa:

"Na yule kuku je?"

"Ah, kuku," alijibu Fondo, kama mtu aliyekumbushwa. Na hapo ndipo alipoeleza kwamba walipoinua mabati walimkuta kuku wa shemasi ameatamia mayai yake hapo chini, mzima, amekasirika. Watu walicheka. Fondo alimtazama mkewe, naye akamtazama. Walikuwa wameoana miaka mingi, mtoto wao Kaviha alikuwa mkubwa akisoma mbali, na katika muda wote huo Fondo hakuwahi kumsahau kuku yule. Alimwacha nje ya hadithi ili Nyamvula amwite.

Mwaka wa mgomo mkubwa ndipo Elkana alipokuja kupanga chumba nyumba ya jirani. Alikuwa mtu wa ziwani, mfanyakazi wa reli, mrefu, mwenye sauti iliyoweza kufika nyuma ya uwanja bila kupigwa kelele. Siku zile makuli na watu wa reli walipoweka chini mikono yao na mji mzima ukasimama, alikuwa miongoni mwa waliopanda juu ya pipa na kuwaambia wenzao kwamba mgongo wa mtu si gari la mizigo. Fondo alimpenda kwa hilo. Alimkaribisha barazani, akampa kigoda kizuri. Mgomo ulipokwisha, Elkana aliendelea kuja.

"Shikamoo, shemeji," alimwambia Nyamvula jioni moja akipokea kata yake.

"Shemeji kwa nani?" aliuliza Mwarandu, mchonga mawe, ambaye ulimi wake ulikuwa na makali kuliko shoka lake. "Na huyo humwamkii. Mnalingana, wewe. Sema hujambo."

"Kwetu tunaheshimu."

"Kwenu mnaheshimu kila mwenye kata."

Nyamvula alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Fondo alikiona kicheko kile, akakiweka moyoni.

Jioni ile ile Fondo alisimulia paa la kanisa. Elkana alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kuku na yote, kisha akasema, "Ni nzuri. Lakini kwetu radi si mgeni wa kusimuliwa. Inakuja kila alasiri kama mtu anayetoka kazini. Cha kusimuliwa ni nyakoi."

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Mwarandu.

"Ni kisulisuli cha ziwani. Wingu linashusha mkia, maji yanainuka kuupokea, vinashikana. Unaona mnara umesimama juu ya maji, unatembea. Mimi niliuona nikiwa nimeshika kasia la mjomba wangu. Ulipita karibu hata nikawaona samaki ndani yake wakizunguka, wanang'aa. Halafu ukakatika katikati, na nusu ya juu ikabaki inaning'inia mbinguni kama kamba ya ng'ombe aliyetoroka."

Hakuna aliyekunywa. Ndipo Nyamvula, kata mkononi, tembo likimchuruzika hadi kwenye kiwiko, alisema, "Na samaki je? Walikwenda wapi?"

Fondo alihisi kama mtu aliyeshuka mnazi akakosa kidato cha mwisho.

Tangu hapo alianza kuona mambo. Aliona kwamba Nyamvula alifagia baraza mapema. Aliona leso mpya nyekundu, aliyoinunua Fondo mwenyewe huko Mwembe Tayari, nayo sasa ikavaliwa siku za kazi. Aliona kwamba Elkana alipoingia, kata yake ilijazwa hadi ukingoni, ingawa kwa kweli kata za watu wote zilijazwa hivyo, na Nyamvula alikuwa akizijaza hivyo tangu zamani. Wivu una macho mengi. Ulimwonyesha Fondo kila kitu isipokuwa kile kilichokuwapo.

Alijaribu kupigana kwa silaha aliyokuwa nayo. Jioni moja alilirusha paa la kanisa mbali kuliko siku zote, likavuka mihogo, likavuka reli, likatua Mazeras.

"Mwezi uliopita lilikuwa kwenye mihogo," alisema Mwarandu. "Leo limefika Mazeras. Mwezi ujao litakuwa Nairobi, nalo litaomba mshahara wa reli."

Watu wakaangua kicheko. Fondo alinyamaza, akatafuta tumbaku, akangoja. Nyamvula alikuwa akichuja tembo, ameinamia kitambaa, mdudu ameingia humo. Hakuuliza. Kuku wa shemasi alibaki kooni mwa Fondo.

Usiku ule hakuvumilia. "Siku hizi unapenda sana habari za ziwa."

"Nazipenda. Kuna ubaya?"

"Zangu huzipendi."

"Zako nazijua, baba Kaviha. Naweza kuzisimulia nikiwa nimelala."

"Kwa hiyo zimekwisha."

Nyamvula alikuwa amechoka, na maneno ya mtu aliyechoka hayapimwi. "Kama zimekwisha, kaone nyingine," alisema, akageukia ukuta.

Kwake yalikuwa maneno ya kufunga siku. Fondo aliyachukua kama amri. Masika yote aliyatazama mawingu kama mtu anayedai haki yake. Alitaka mnara. Alitaka wake mwenyewe, wa hapa hapa, juu ya maji ya mkono wa bahari ulio chini ya Mikindani, ili siku moja anyamaze katikati ya hadithi na mke wake amuulize.

Ulikuja alasiri moja yenye joto la kukaba pumzi. Wingu lilitokea ng'ambo ya maji, jeusi chini, la manjano pembeni, nalo halikuwa na haraka. Majirani walikuwa tayari wanafudikiza masufuria. Fondo alikuwa barazani, ametoka kutia kotama yake makali, kile kisu cha mgema chenye shingo iliyopinda, akakichomeka kiunoni kama kawaida. Elkana alikuwa anarudi kutoka kazini na nguo zenye grisi. Alisimama njiani, akatazama juu.

"Lina mkia," alisema. "Fondo, angalia pale chini yake. Kwetu likiwa hivyo, linashuka."

Nyamvula alitoka ndani aliposikia, leso nyekundu ingali mwilini. "Linashuka wapi? Nionyeshe."

Na Elkana akanyoosha mkono kumwonyesha.

Hapo ndipo Fondo alipoelewa mwisho wa jambo hili. Mnara ungekuja, ungesimama juu ya maji ya kwao, mbele ya nyumba yake, nao ungekuwa wa Elkana. Yeye ndiye aliyelijua jina lake, yeye ndiye aliyeuona kwanza. Fondo aliruka kutoka barazani. Alikimbilia mnazi mrefu kuliko yote shambani, akaparamia vidato kama mtu anayefukuzwa. Huko juu angeuona wote, toka kwenye maji hadi kwenye wingu, na waliobaki chini wangeona nusu.

Alipofika kwenye makuti upepo ulikuwa umemtangulia. Alimkumbatia mnazi, akageuza kichwa, na kabla ya kutazama maji alitazama chini. Hakuweza kujizuia. Aliwaona wawili wamesimama uwanjani, wadogo, leso nyekundu ikipepea. Nyamvula amemshika Elkana mkono. Kinywa chake kiko wazi, anapaza sauti, lakini upepo ulikuwa unaichukua kabla haijafika.

Anashangilia, alijiambia Fondo. Ameuona, na amemshika yeye.

Radi ilipiga mahali karibu sana. Mnazi ukainama, ukazidi kuinama, hadi Fondo akahisi miguu iko juu ya kichwa. Alifumba macho. Alisikia mngurumo kama garimoshi linalopita bila reli, kutoka kulia kwenda kushoto, na maji ya chumvi yakampiga mdomoni. Alisema Baba Yetu hadi katikati, akasahau iliyobaki. Kisha mnazi ukainuka polepole, na alipofumbua macho, maji yalikuwa maji tu, ya kahawia, na ng'ambo ya pili mstari wa mikoko ulikuwa umekwanyuliwa majani.

Aliteremka. Nyamvula alimfuata hadi chini ya mnazi, akamchomoa kotama kiunoni, akaitupa mbali majanini.

"Chuma," alisema. "Chuma kiunoni, juu ya mnazi, radi inapiga. Nimeita tupa kotama, tupa kotama, hadi koo limekauka." Kisha akaingia ndani, akavua leso nyekundu, akafunika kioo, ingawa tufani ilikuwa imekwisha.

Jioni baraza lilijaa. Kila mmoja alikuwa amejificha uvunguni, na kila mmoja alitaka kusimuliwa. Elkana alisimulia. Alisema mnara ulisimama karibu na mikoko, mweupe chini na mweusi juu, ukatembea kwa madaha, ukakatika. Alisimulia vizuri. Fondo alisikiliza kila neno, na kila neno lilimchoma, kwa sababu alikuwa karibu nao kuliko binadamu yeyote, na hakuuona.

"Kweli, mama Kaviha?" aliuliza Mwarandu. "Au na huu nao umetoka Mazeras?"

"Sijui," alisema Nyamvula. "Sikuuona."

"Ulikuwa umesimama uwanjani."

"Nilikuwa natazama mnazi."

"Ni kweli," alisema Elkana, akacheka kidogo, akakunja mkono wa shati. "Aliniganda hapa muda wote. Tazameni."

Juu ya mkono wake kulikuwa na alama za kucha, nyekundu, zimezama kwenye nyama. Fondo alizitazama. Alijua ni za nani na zimewekwa kwa ajili ya nani. Ni woga wa kumpoteza yeye uliozichora pale, kidato kwa kidato alivyokuwa akipanda. Zilikuwa zake. Hakuna kitu alichowahi kupewa na mkewe kilichokuwa chake kuliko kile. Na kilikuwa kwenye mkono wa mwanamume mwingine, ambaye angelala nacho, angekwenda nacho kazini.

Nyamvula alichota tembo, akampa mumewe kata bila kuinua kichwa.

"Na huko juu je?" aliuliza. "Kulikuwa na sauti gani?"

Watu wakageuka. Fondo alinywa, akafuta mdomo, akaanza kusema habari za garimoshi lisilo na reli na chumvi iliyompiga ulimini. Alisimulia polepole, vizuri kuliko alivyowahi kusimulia, na baraza lote lilimtazama yeye. Yeye alitazama mkono wa Elkana, akingoja alama zile zifutike.