Mshauri Aliyefarijiwa

Siku hizi vituo vya ushauri nasaha na kupima Ukimwi vinafunguliwa Mbinga kama maduka ya mitumba. Juzi nilikuwa kwenye benchi la kimojawapo, nikisubiri zamu. Ukuta wa chumba cha mshauri ni wa mbao, sisi wa benchini tulisikia kila neno. Aliingia mama mmoja kutoka Mbamba Bay, kifurushi cha usipa, wale dagaa wakavu wa ziwani, mkononi.

"Nimemzika mume wangu. Nataka kujua kama na mimi..."

"Pole, mama. Hata wangu alikufa hivyo hivyo," mshauri akadakia. Akasimulia homa, mazishi, na mashemeji waliobeba mpaka godoro. Akaanza kulia.

"Pole, mwanangu. Nyamaza," tukamsikia mama. Huku kwetu mtu akikulilia msiba wake, wako unaumeza kwanza.

Mama alitoka mikono mitupu. Usipa aliuacha mezani, uwe mkono wa pole.

"Umepimwa, mama?" jirani yangu akamwuliza.

"Nitapimwaje? Nimetoka msibani humo ndani," akajibu, akijifunga kanga upya. Akaondoka kuwahi gari la kushuka ziwani, na swali lake vilevile.

Wenye kazi yao wanasema mshauri akijieleza, mteja hufunguka. Labda. Mlango ukafunguliwa, mshauri akachungulia, macho yameshakauka.

"Anayefuata!"