Bibi Yake Sista Alikaa Tembe

Nilijifunza uuguzi hospitali ya Kiomboi miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Wodi ya wazazi ilisimamiwa na mama mmoja Mmarekani, mrefu, asiyekaa chini hata wakati wa chai. Tulimwita Sista. Alikuwa ameishi Iramba muda wa kutosha kuamkiana na wazee kwa Kinyiramba bila kuchekwa, na kwa Kiswahili alijua kukaripia vizuri kuliko kusifu.

Mchana mmoja mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Tulikuwa tunakunja bandeji zilizofuliwa, mimi na mwenzangu mmoja, Mnyaturu wa Sepuka. Nikasema kwa mvua hii mama yangu nyumbani ameshaweka vyungu chini ya kila tundu la tembe yetu, maana paa lake ni fito na udongo tu.

"Bibi yangu naye alitega ndoo juu ya kitanda," Sista akasema.

Tulidhani anatania. Sisi Amerika tuliijua ya maghorofa. Sista akatueleza. Babu na bibi yake walitoka Ulaya kwa meli, wakapanda treni mpaka reli ilipoishia, kisha wakashika njia ya magharibi kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Serikali ilikuwa inagawa ardhi: mtu akikaa miaka mitano na kulima, shamba linakuwa lake. Walipofika hapakuwa na mti wa kujengea, ni nyasi tu mpaka macho yanachoka. Basi babu yake akachimbua nyasi pamoja na mizizi na udongo wake, akazikata vipande kama matofali, akapanga ukuta. Juu akalaza fito chache alizozifuata mtoni, mbali, akazifunika kwa nyasi na udongo uleule.

"Sista, hiyo ni tembe," mwenzangu akasema.

"Ndiyo. Nilipoiona tembe hapa mara ya kwanza nilimkumbuka bibi."

"Na nyoka je? Walidondoka kutoka juu?"

"Mmoja alidondoka kwenye unga."

Tulicheka mpaka mzazi mmoja akataka kujua kuna nini. Nikamweleza kwa Kinyiramba. Akasema, "Kumbe nao wameteseka," akageuka kumnyonyesha mwanawe.

Kwetu ukionyeshwa shamba la mtu, unauliza nani alilima hapo kabla yake. Kwa hiyo nami nikauliza.

Sista alikunja bandeji nzima ndipo akajibu. "Bibi alisema hapakuwa na mtu. Lakini babu akilima, plau ilikuwa inaibua vichwa vya mishale vya mawe. Baba yangu alivichezea utotoni."

Akatuambia wenye ardhi ile walikuwa wale wanaoitwa Wahindi Wekundu, na wa nchi ile waliishi kwa kufuata makundi ya nyati. Nyati walipigwa risasi wakakaribia kwisha. Watu nao walisukumwa na askari hadi kwenye maeneo waliyotengewa, mara nyingi yale ambayo wageni hawakuyataka.

"Wakakubali?" mwenzangu akauliza.

"Wengine walipigana. Wengine walitia sahihi karatasi wasizoweza kuzisoma. Wote waliondoka."

Hakujitetea. Mama mmoja alianza kusukuma wodini, naye akatuacha na bandeji zetu.

Nilikuwa karibu kumaliza mafunzo habari ilipofika kwamba kitongoji chetu kinahamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Sista alikuwa anakwenda upande ule kupima watoto, akanipakia kwenye Landrova. Njiani nilimuuliza kama anaona ni jambo lilelile la kwao.

"Si lilelile," akasema. "Hakuna mgeni anayekuja kukaa kwa mama yako. Na shule itakuwa yenu." Tukapita korongo, akaongeza, "Lakini usiniulize mimi. Muulize yeye."

Nyumbani nilikuta baba ameshabomoa paa, anachagua boriti zilizo nzima. Lori lilikuwa linasubiri, na mgambo mmoja alikuwa ameegemea tairi. Mama hakuwa nyumbani. Alikuwa zizini na jembe, anajaza samadi kwenye magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shika hapa."

Mgambo akaja. "Mama, lori ni la watu na vyombo. Mavi utayakuta huko."

"Huko ng'ombe wangu wamelala lini?" mama akamjibu. "Shamba hili lilikuwa mchanga mtupu nilipoolewa. Nimelilisha mimi. Mkinipa mchanga mwingine, nitaulisha nini?"

"Serikali imesema twende," baba akasema kwa upole.

"Imesema twende. Haijasema twende na njaa."

Nilitegemea Sista aseme tunachelewa. Badala yake alirudisha Landrova kinyumenyume mpaka mlangoni mwa zizi. Akahamishia mizani ya watoto na sanduku la dawa kiti cha mbele, akamwamkia mama kwa Kinyiramba, akashika pembe za gunia. Mama akashika upande wa pili. Mgambo alitazama kidogo, kisha akaja kusaidia, maana yalikuwa mazito.

Lori lilipoondoka, baba alitazama mbele. Mama alikaa amegeukia nyuma mpaka kilima kikaficha kila kitu. Mimi, kwenye Landrova nyuma yao, nilikuwa na hasira nisiyojua nimwelekezee nani. Sista aliendesha ndani ya harufu ya samadi. Mara moja tu alisema kwamba hajawahi kujiuliza wale wafuata nyati wa kwao walipakia nini siku walipoondolewa.

Mwaka wa kwanza kijijini mvua ilikuwa kidogo na mashamba mapya hayakutoa kitu. Kipande cha mama nyuma ya nyumba kilitoa uwele, si mwingi, lakini tulikula sisi na majirani wa pande mbili. Kabla ya msimu uliofuata wanawake walirudi na vikapu kwenye mazizi yao ya zamani, wakasomba samadi kwa miguu.

Shule ilikuja mapema. Maji yalichelewa sana. Nilipangiwa zahanati ya hapohapo, nikazalisha wanawake ambao zamani wangebebwa kitandani hadi Kiomboi, na wengine wangefia njiani. Nilipomwambia mama hilo alisema ni kweli, na kwamba hata hivyo wangemuuliza kwanza.

Sista alirudi kwao mkataba wake ulipoisha. Alipitia kutuaga, mama akampa kibuyu cha maziwa ya mgando, akakinywa chote palepale amesimama.

Baadaye masharti ya kukaa kijijini yalipolegea, watu walianza kurudi kwenye mahame yao, kule walikohamishwa. Baba alitaka twende. Mama alikataa.

"Nenda," alimwambia. "Mimi nimeshahama. Sihami tena."

Baba akajenga kibanda kule penye shamba la zamani. Akawa analima kule na kula huku, mpaka magoti yalipomkatalia.