Jiwe ya Musalaba kwa Ukuta Yangu

Bandugu, niwaambie haya yangu mimi mwenyewe, kabla majirani bawaambie na chumvi.

Pasta wetu alihubiri juu ya Nehemia, ule mutu wa Biblia mwenye alijenga tena kuta za Yerusalemu zenye zilikuwa zimebomolewa. Mimi sijue kusoma, lakini sauti yake ya puani naijua: "Bamamaaa, kila mutu ajenge mbele ya nyumba yake."

Ukuta ya lupango yangu, ule uwanja wa nyumba, volkano iliiangusha. Basi nyuma ya kanisa nikakuta majiwe meusi, yamepangwa bila simenti. Nikasema hii nayo ni ukuta yenye volkano ilibomoa. Huku Munigi ni majiwe tu, nani atauliza? Nikaita papa wa chukudu, ile kinga ya miti ya kusukuma mizigo, tukabeba yote. Moja ilikuwa na musalaba mweupe. Nikasema Mungu amenipa alama, nikaiweka karibu na mulango.

Jumapili yenye ilifuata pasta akasema, karibu alie: "Mutu amebomoa fondasio, ule musingi wa kanisa yetu mupya. Tukimujua, hatakula meza ya Bwana." Mimi nikaomba juu ya ule mubomoaji kupita bamama bote. Kichwa yangu haikushituka hata kidogo.

Jioni nikasimama kwa ukuta yangu, nachekesha majirani na ile sauti ya puani: "Mwenye alibomoa, anyooshe mukono."

Majirani bakaacha kucheka. Nikageuka. Pasta alisimama kwa mulango, kiganja juu ya ule musalaba mweupe.

"Hii jiwe nilibariki mimi, wakati ulienda Kibati kuona mujukuu. Basi Mama, nyoosha."