Paji la Njano

Zenaida Tipán alijua kupiga picha, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Kolibri ni kandege kadogo kuliko hata ndege chozi, mabawa hayaonekani kwa kasi, lakini yeye alimnasa hewani ukahesabu manyoya. Wageni walipanda kutoka mji mkuu, Quito, hadi bonde lao la mawingu kwa ajili ya bustani yake na chupa za maji ya sukari alizowatundikia ndege. Ubaya wake ulikuwa mdomo.

Aliyemfundisha kuwatofautisha ndege hao ni don Eliseo Guamán, mwongoza wageni wa kwanza pale kijijini. "Wanafanana kama mapacha, mwanangu," alimwambia. "Kichwa kitakudanganya. Tazama mkia."

Mwezi wa kwanza Zenaida akapiga picha ya kolibri mwenye paji la uso la njano kabisa. Wa namna hiyo hajawahi kuonekana bondeni, na kijiji kizima kikaota wageni wapya. Kwenye mkutano wa Jumapili, don Eliseo akaigeuza-geuza ile picha.

"Mkia umefichwa na chupa," alisema. "Mimi namwona huyu huyu wetu wa kila siku."

Zenaida akacheka mbele za watu. "Njano hii hata kuku anaiona, mzee. Macho yako yamechoka. Kapumzike, utuachie wenye kuona."

Watu wakaangua kicheko. Don Eliseo akarudisha picha, akaketi. Tangu siku hiyo hakuongoza mgeni tena. Ukuta wa shule nao ukachorwa ndege wa paji la njano, mkubwa kama ng'ombe.

Asubuhi moja mwezi wa tano, paji la njano huyo! Alitoka kwenye maua ya nyuma ya jiko, akatua kuoga juu ya jani lililojaa maji ya mvua. Zenaida akabonyeza kamera mfululizo. Ndege akajitikisa mara tatu, na njano yote ikatoka. Kumbe ulikuwa unga wa maua. Mkia ulikuwa wazi, nao ulikuwa wa yule yule wa kila siku.

Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka. Hakuna mwingine aliyeona. Wala nisimsingizie wema: kidole kilishafika kwenye kitufe cha kufuta. Lakini kila akipita pale shuleni, lile dege la ukutani lilimtumbulia macho. Siku ya tatu akaenda.

Alimkuta mzee shambani, akamweleza yote akiangalia ardhi.

"Kwa hiyo nilikuwa naona?" don Eliseo aliuliza.

"Ulikuwa unaona, mzee wangu."

"Mimi nilikuamini, Zenaida. Nilidhani kweli napofuka. Darubini nimeshaigawa. Miezi minne mke wangu ananishika mkono kuvuka mto, nami namwachia."

Zenaida alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ametarajia ugomvi, si hili. Akamnyooshea kamera aone mkia, lakini mzee hakuipokea.

"Ulinisema mbele za watu," alisema. "Basi Jumapili, mbele za watu."

Jumapili akasimama na picha zote mbili, akasema kila kitu, hata maneno yale ya macho kuchoka aliyarudia kama yalivyokuwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Don Eliseo alimsikiliza kutoka safu ya mbele. Alikuwa amevuka mto peke yake.