Fundi wa Redio na Waya Asioweza Tena Kuuona

“Alikuja nayo inavuma, sasa inarudi bubu, tena inanuka! Utamwambia imeokota ububu njiani?”

“Mwambie ilikuja mbovu, dada. Redio yenyewe kongwe kuliko mimi.”

“Na ina akili kuliko wewe.”

Ni asubuhi, katika chumba kidogo chini ya ngazi za jengo la maduka. Anayefoka ni fundi wa redio mwenye miaka 63, ambaye mtaa mzima humwita Mama Transfoma. Anayefokewa ni mdogo wake, fundi simu, anayegawana naye meza moja.

Kinachogombewa ni redio ya mbao ya mlinzi mstaafu. Mkewe haoni, na huiwasha kwa kupapasa vifundo. Watoto walimnunulia mpya ya vitufe, ikamshinda siku hiyohiyo.

Jana Mama Transfoma alikuwa kliniki ya macho. Mdogo wake akaipokea. Ilikuwa inaongea, ila kwa mvumo, ugonjwa wa kawaida wa kapasita, vile vihifadhi vya umeme, zikichoka. Akaichomeka ukutani, akaiacha ikivuma, akaenda kunywa chai.

Hapo ndipo alipovunja sheria ya meza hii. Redio ngeni haipewi umeme moja kwa moja. Umeme hupitia kwanza kwenye balbu. Balbu ikififia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, chomoa.

“Ningeiwekea fyuzi mpya kabla ya yote,” anasema Mama Transfoma. “Ile ya zamani mtu aliizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki hata nyumba ikiungua.”

Kapasita ilipopiga shoti, fyuzi haikukatika. Transfoma, inayopunguza umeme wa ukutani, ikaungua badala yake.

“Basi tuitoe, niweke chaja ndani,” mdogo wake anajitetea. “Ipo yenye volti zilezile.”

“Chaja zako za bei ya karanga zinakwaruza mawimbi ya kati. Mama wa watu atasikiliza nini, nyuki?”

Transfoma ya aina hiyo haipatikani tena dukani. Dawa ni kuisuka upya, yaani kuizungushia waya mpya, kazi aliyofundishwa na marehemu mumewe. Zamani meza hii ilipokea redio sita kwa siku. Siku hizi ikija moja kwa wiki, anashukuru. Lakini waya wa transfoma ni mwembamba kama unywele, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili.

“Huyu alikuwa akinisogelea nikisuka,” anasema, sauti ikishuka. “Nikamwambia nenda kwenye simu zako, huku kunataka subira. Akaenda. Nilifurahi hata, meza ikawa na nafasi. Sasa ujuzi ninao, macho sina. Yeye ana macho.”

Mdogo wake anafuta kioo cha simu ambacho tayari ni kisafi.

Mama Transfoma anachukua simu yake, anampigia mlinzi.

“Shikamoo, kaka. Redio yako imeungulia hapa kwetu. Ilikuja inaongea, sisi ndio tulioiua. Nitaitengeneza, ila itachelewa.”

“Mke wangu ameshaiulizia tangu alfajiri,” mlinzi anajibu. “Sasa nimwambie nini, dada?”

“Mwambie nimekosa.”

Anakata simu. Anaivuta transfoma iliyoungua, anaisukuma hadi mbele ya mdogo wake, na bisibisi juu yake.

“Toa mabati moja moja, usiyapinde. Kisha fungua waya, uhesabu kila mzunguko. Ukikosea hesabu, redio haitapata umeme wake sawasawa.”

“Na simu za watu, dada?”

“Zitasubiri. Wenyewe wanaona.”

Mama Transfoma anakusudia kukubali upasuaji wa macho ambao ameukwepa kwa muda mrefu, lakini hatapanda kitanda cha daktari kabla mdogo wake hajasuka transfoma moja peke yake, mwanzo mpaka mwisho.

Mdogo wake anazima simu zote tatu mezani. Bati la kwanza linatoka, la pili linagoma, linatoka. Anaupata mwisho wa waya, anauinua kwenye mwanga.

“Kwa sauti,” anasema dada yake, akiinamisha sikio.

“Moja,” anaanza. “Mbili. Tatu.”